Boneti Isikuangukie: Kuchagua Njia Salama ya Kutegemeza Boneti ya Land Rover ya Zamani

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

Leo tutajifunza jambo lionekanalo dogo, lakini lenye madhara makubwa likipuuzwa. Tutajifunza namna ya kuitegemeza boneti ya Land Rover ya zamani ili isimwangukie mtu afanyaye kazi chini yake.

Kabla hatujaanza, tunamwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya sita: boneti, bawaba, ufito, tundu, pini, kabari. Wanafunzi wayasome kwa sauti, mmoja mmoja, kisha wote pamoja.

(Hapa pana mapumziko ya dakika moja.)

Vema. Boneti ni kifuniko cha injini. Bawaba ni kile chuma kinachoiwezesha boneti kufunguka na kufunga, kama bawaba ya mlango. Ufito, katika somo hili, ni chuma chembamba kirefu kinachoizuia boneti isianguke ikiwa wazi. Mafundi wengi huuita stendi ya boneti. Tundu ni mahali ncha ya ufito inapoingia. Pini ni chuma kidogo kinachofunga ili kitu kisichomoke. Kabari ni kipande cha mti au jiwe kiwekwacho nyuma au mbele ya gurudumu ili gari lisiteleze.

KWA NINI TUNALIZUNGUMZA JAMBO HILI MOROGORO?

Itazame milima ya Uluguru. Mji wa Morogoro uko chini yake, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachoonekana kutoka mjini, kinapita mita 2,100. Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote, kinapita mita 2,600. Njia za kwenda Mgeta, Kinole na Matombo hupanda, hushuka na kupinda, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo wake huteleza sana. Ndizi, mboga na viazi vya mlimani havina budi kufika sokoni, na mgonjwa hana budi kufika hospitali. Ndiyo sababu magari yenye nguvu katika magurudumu yote manne yamethaminiwa huku kwa miaka mingi.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu katika mji wa Amsterdam, nchini Uholanzi, mwezi Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni, na chuma kilikuwa haba nchini Uingereza. Basi watengenezaji wakatumia madini ya alumini, yaliyochanganywa na madini mengine, kwa sehemu kubwa ya bodi, lakini fremu ya chini wakaifanya ya chuma. Mwaka 1958 lilitoka toleo la pili, na mwaka 1971 toleo la tatu, lililotengenezwa hadi 1985. Magari hayo yalijulikana zaidi kwa urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma: fupi la inchi 88 na refu la inchi 109. Gari la mwisho la umbo lile la kale lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016.

Kwa hiyo Land Rover ya toleo la tatu, hata ile ya mwisho kabisa, imepita miaka 40. Gari la umri huo laweza kufanya kazi bado, lakini vyuma vyake vidogo vimechoka. Ufito wa boneti ni mmoja wa vyuma hivyo. Mara nyingi umepinda, umelika kwa kutu, au umepotea kabisa, na mahali pake pamewekwa kijiti kilichookotwa kando ya njia. Hapo ndipo hatari inapoanza.

UZITO ULIO JUU YA KICHWA CHAKO

Boneti ya bati la alumini si nzito sana peke yake. Lakini katika Land Rover nyingi za zamani gurudumu la akiba hufungwa juu ya boneti. Gurudumu hilo, pamoja na tairi na rimu yake ya chuma, laweza kufika kilo 30 au zaidi. Fikiri: ni zaidi ya debe la maji lililojaa. Nani kati yenu angekubali kuinamisha shingo chini ya debe la maji lililoshikwa na kijiti?

Tufanye hesabu kidogo. Mwalimu aichore ubaoni. Tuseme boneti na gurudumu lake vina uzito wa kilo 48 kwa jumla, na uzito huo uko katikati ya boneti. Bawaba ziko nyuma, karibu na kioo cha dereva. Ufito umesimama wima.

Ukiuweka ufito mwisho wa mbele wa boneti, utabeba nusu ya uzito, yaani kilo 24. Bawaba zitabeba nusu nyingine.

Ukiuweka katikati, ufito utabeba uzito wote, kilo 48.

Ukiuweka robo ya njia kutoka kwenye bawaba, ufito utabeba mara mbili ya uzito wote, yaani kilo 96.

Je, umeshangaa? Usishangae. Jaribu kuusukuma mlango ukiweka kidole karibu na bawaba. Utaona ni mgumu. Sasa usukume mwisho wake, karibu na kitasa. Utaona ni mwepesi. Kanuni ni ile ile moja: kadiri unavyoikaribia bawaba, ndivyo nguvu inayotakiwa inavyozidi. Kwa hiyo mtu anayechomeka kijiti kifupi karibu na bawaba, kwa sababu ndicho alichokipata, amekitwisha kijiti hicho mzigo mkubwa kuliko wote.

Lakini pana jambo la pili. Ufito ulio mbele lazima uwe mrefu, na kitu kirefu chembamba hupinda upesi kikikandamizwa. Chukua njiti moja ndefu ya fagio la chelewa. Isimamishe juu ya meza, uikandamize kwa kidole. Itapinda mara moja. Sasa ikate nusu, uikandamize tena. Itashindana nawe. Wataalamu wamepima jambo hili: ukiupunguza urefu kwa nusu, uwezo wa kustahimili bila kupinda huwa mara nne. Basi ufito wa mbele, kwa kuwa ni mrefu, hapana budi uwe mnene wa kutosha, na uwe umenyoka. Ufito uliokwisha kupinda, hata kidogo, umeanza safari ya kuanguka.

NJIA NNE, NA UBAYA NA UZURI WAKE

Njia ya kwanza ni kijiti, mpini wa jembe, au spana ndefu. Njia hii haina gharama, na ndiyo mbaya kuliko zote. Kijiti hakikufungwa juu wala chini. Ncha yake huteleza juu ya bati, hasa bati likiwa na mafuta au maji ya mvua. Mti mkavu waweza kuwa umeliwa na wadudu ndani, na kwa nje huoni kitu. Tena fundi akikigusa kwa kiwiko anapokaza nati, kinachomoka. Spana nayo ina hatari yake: ikianguka juu ya betri na kugusa vichwa vyote viwili, hutoa cheche kubwa, na betri inayochajiwa hutoa hewa inayoweza kuwaka. Ukikosa kabisa kitu kingine njiani, afadhali mwenzako aishike boneti kwa mikono miwili, na gurudumu la akiba likiwa limekwisha kuteremshwa.

Njia ya pili ni ufito wa asili, ule uliotoka na gari. Hii ni njia njema ikiwa ufito ni mzima. Uzuri wake ni kwamba ncha moja imefungwa kwenye gari daima, haipotei, na urefu wake ulipimwa na watengenezaji. Lakini uchunguze mambo manne. Je, umenyoka? Je, pini iliyoushika chini imelika? Je, tundu la juu bado ni dogo, au limepanuka hata ncha inacheza? Je, bati la mahali hapo ni imara? Hapo pa mwisho patazame sana. Alumini na chuma vikigusana penye maji, alumini hulika. Utaona unga mweupe pembeni ya bolti, au rangi imevimba kama lengelenge. Katika milima yenye mvua nyingi kama ya kwetu, uharibifu huo huenda haraka. Ufito waweza kuwa mzima huku mahali ulipofungwa pameoza.

Njia ya tatu ni ufito mpya uliotengenezwa na fundi. Kwa gari la zamani lililopoteza ufito wake, hii ndiyo njia tunayoisifu. Haihitaji kitu cha kuagizwa kutoka mbali. Fundi yeyote wa kuchomelea aweza kuutengeneza, na kazi hiyo ni ya saa chache tu. Tutaeleza namna yake hivi punde.

Njia ya nne ni bomba la gesi lisukumalo boneti juu lenyewe, kama yale ya magari mapya. Watu wengi hulipenda, maana hufungua boneti kwa mkono mmoja. Lakini fikiri kabla ya kununua. Ndani yake mna gesi iliyoshindiliwa, na kizuizi chake cha mpira huchoka kwa joto na umri. Kikichoka, gesi huvuja kidogo kidogo. Leo bomba linaishika boneti, kesho linaiachia, tena bila kukupa habari. Asubuhi ya baridi kule Mgeta, nguvu yake hupungua kuliko mchana wa joto mjini. Kadhalika bomba hilo husukuma wakati wote, hata boneti ikiwa imefungwa, na bati la zamani lililolika laweza kupasuka linapofungwa. Ukiwa nalo, usilitegemee peke yake. Tumia na ufito wa chuma pia. Wala usilitoboe bomba la zamani, wala usilitupe motoni, kwa maana laweza kupasuka kwa nguvu.

NAMNA YA KUTENGENEZA UFITO MPYA

Kwanza, teremsha gurudumu la akiba. Watu wawili washike boneti wazi, mpaka pembe inayomfaa fundi kufanya kazi. Mtu wa tatu apime kwa kamba kutoka mahali imara pa chini hadi mahali imara pa juu. Mahali pa chini pasiwe karibu na betri, wala feni, wala mkanda wake. Mahali pa juu pasiwe juu ya bati tupu. Ikiwa chini ya bati pana ubavu wa kuimarisha, tumia ubavu huo.

Pili, tafuta chuma cha mviringo kilichonyoka, chenye unene wa milimita 10. Ikiwa gurudumu la akiba hukaa juu ya boneti, afadhali milimita 12. Usitumie bomba jembamba la alumini, wala waya uliokunjwa mara mbili.

Tatu, ncha ya chini ikunjwe kuwa pete, ipitishiwe bolti yenye nati isiyolegea, ili ufito uzunguke lakini usitoke. Ncha ya juu ikunjwe kama kiwiko, iingie ndani ya tundu, na itokeze upande wa pili kwa urefu wa kidole gumba. Katika sehemu hiyo iliyotokeza toboa tundu dogo la pini. Pini hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Bila pini, ufito umekaa tu. Ukiwa na pini, ufito umefungwa. Ifunge pini kwa mnyororo mfupi au kamba, ili isipotee.

Nne, weka mahali pa kuulaza ufito gari linapokwenda, usije ukacheza na kuigusa feni. Mwisho, upake rangi nyekundu au ya manjano. Rangi hiyo huzuia kutu, na humfanya mtu auone ufito kabla ya kuifunga boneti kwa nguvu juu yake.

Ukimaliza, ujaribu. Weka ufito na pini. Simama kando, kichwa na mikono viwe nje, uitikise boneti kwa mkono mmoja. Isipotikisika vibaya, mwenzako alirudishe gurudumu la akiba, ujaribu tena. Usiingize kichwa chini kabla ya majaribio haya.

MLIMA NA UPEPO

Sasa sikiliza kwa makini, kwa maana jambo hili huwapata madereva wa milimani zaidi kuliko wa mjini. Injini ya zamani hupata joto inapopanda. Dereva husimama ili kuipoza. Hufungua boneti pale pale, mtelemkoni, penye upepo. Hapo ndipo pabaya.

Gari likielekea chini ya mlima, boneti huvutwa mbele, yaani upande wa kufunga. Mzigo wa ufito huzidi. Gari likielekea juu, boneti huvutwa nyuma, upande wa kioo. Mzigo wa ufito hupungua, nawe waweza kudhani ni salama. Kumbe ufito usio na pini waweza kuchomoka tunduni boneti ikiinuka kidogo, na boneti ikirudi, haina cha kuishika.

Upepo nao hufanya vivyo hivyo. Upepo wa mbele huingia chini ya boneti kama chini ya paa la nyasi, ukaiinua. Upepo wa nyuma huisukuma ifunge.

Basi fanya hivi. Tafuta mahali tambarare, hata kama ni mwendo wa kidogo mbele, ikiwa gari laweza kufika bila kuharibu injini. Vuta handibreki. Weka kabari kwenye magurudumu. Zima injini. Weka ufito na pini. Kisha, kama pana upepo au mtelemko, funga kamba imara kutoka boneti hadi keria ya juu ya gari, au mahali pengine imara. Kamba ni mlinzi wa pili. Hatuiweki kwa kuudharau ufito, bali kwa kuwa shingo ya mtu haina akiba. Wala usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa bado ina moto. Mvuke wake huunguza uso na mikono.

Kazi ikiwa ya kutwa nzima, kama kufungua kichwa cha injini, ni afadhali kuiondoa boneti kabisa. Katika Land Rover nyingi za zamani bawaba huruhusu boneti kutolewa bila shida kubwa. Watu wawili waishike, mmoja kila upande, waiweke mahali ambapo upepo hautaichukua.

KUFUNGA BONETI

Ajali nyingine hutokea wakati wa kufunga. Hesabu zana zako kwanza. Waambie watu kwa sauti: "Nafunga!" Watoto wasogee. Inua boneti kidogo kwa mkono mmoja ili ufito usiwe na mzigo, toa pini, laza ufito mahali pake, kisha teremsha boneti kwa mikono miwili. Usiiachie ianguke. Hakikisha kifungo chake kimeshika, kwa kuivuta juu. Boneti inayofunguka gari likienda hukifunika kioo chote, na dereva haoni njia. Kwenye kona za milimani, hapo hakuna nafasi ya pili.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kijiti si ufito.
2. Ufito ufungwe chini kwa bolti, na juu kwa pini.
3. Teremsha gurudumu la akiba kabla ya kazi ndefu.
4. Tambarare, handibreki, kabari, ndipo boneti.
5. Penye upepo au mtelemko, ongeza kamba.
6. Jaribu kwa mkono kabla ya kuingiza kichwa.

MASWALI YA DARASA

1. Bawaba za boneti ya Land Rover ya zamani ziko upande gani?
2. Boneti na gurudumu vina kilo 60. Ufito wima uko mwisho wa mbele. Utabeba kilo ngapi? Na ukiwekwa katikati?
3. Kwa nini unga mweupe pembeni ya bolti ni dalili mbaya?
4. Gari limesimama likielekea juu ya mlima. Eleza hatari ya ufito usio na pini.
5. Andika sentensi tatu za kumfundisha kijana anayeanza kazi ya ufundi namna ya kufunga boneti.

Jibu la swali la pili ni kilo 30, na katikati kilo 60. Majibu mengine mwalimu atayasahihisha darasani.

Ndugu wanafunzi, Waswahili husema kinga ni bora kuliko tiba. Kipande cha chuma na pini moja ni kinga ya bei ndogo. Kabla ya somo lijalo, kila mmoja wenu atazame gari moja la zamani, la kwake au la jirani, akiwa ameomba ruhusa ya mwenye gari. Aandike daftarini ni kitu gani kinachoishika boneti yake, na kama kina pini au hakina. Akiona ni kijiti, amweleze mwenyewe kwa adabu aliyojifunza leo.

Kwaherini, na kazi njema.